Darasa la Kiingereza la mseto: kwa nini mwanafunzi anaongea vizuri WhatsApp ila Zoom anakaa kimya

Huku Mbeya ukimtajia mtu neno haibridi cha kwanza anachowaza ni mahindi. UH615, UH6303, mbegu za Uyole, wakulima wanazijua kwa namba kabisa. Sasa vyuo navyo vimekuja na haibridi yao, masomo nusu darasani nusu mtandaoni, na wanafunzi wangu walipoisikia kwa mara ya kwanza kuna kijana mmoja aliuliza, Madam, na hii nayo inataka mbolea? Darasa zima lilicheka lakini mi nililichukua lile swali kwa uzito wake, maana mbegu ya chotara ukiipanda vilevile kama unavyopanda ile ya kienyeji, bila mbolea na bila kuangalia nafasi ya shimo na shimo, unavuna kidogo alafu unakuja kuilaumu mbegu.

Nafundisha Kiingereza cha mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa mjini, huu ni mwaka wa tatu tunaenda na huu mtindo, Jumatatu na Jumatano tunakutana darasani, Jumanne na Alhamisi kila mtu na simu yake. Na kitu kilichonifanya niandike haya ni binti mmoja anayetokea Rungwe, kwao wana migomba na chai kidogo. Kwenye Zoom huyu binti ni kama hayupo, unaita jina lake mara mbili mara tatu, maiki inawaka sekunde moja inazimika. Darasani anaongea ila kwa sauti ya chini na mkono uko mdomoni. Alafu siku moja nikawaambia watume vois noti WhatsApp waeleze kwa Kiingereza kazi yoyote inayofanyika nyumbani kwao, akanitumia ya dakika 2 na sekunde 40 anaeleza mama yake anavyochuma chai, majani mawili na kile kichipukizi cha juu, kwa nini jani lililokomaa halichumwi, kapu linawekwa wapi mvua ikianza. Sentensi zimenyooka, ameenda wakati uliopo mwanzo mpaka mwisho bila kuteleza. Niliisikiliza mara mbili.

Mtu ni yuleyule, Kiingereza ni kilekile, ila sehemu tatu anakuwa watu watatu. Wenzangu ofisini wanasema huyo wa Zoom ni mvivu. Nataka nieleze kwa nini sio uvivu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu huu mseto wenyewe maana watu wanachanganya mambo. Kusoma ukiwa mbali sio kitu kipya Tanzania, wazee wetu walisoma kwa posta, na Chuo Kikuu Huria kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hiyo ni zamani kabla hata ya simu za mkononi kuenea. Kilichobadilika ni ile Machi 2020, shule na vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona, vyuo na kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni, na katikati hapo kila mwalimu aliyekuwa na simu ya tachi akajifunza kuunda grupu. Tuliporudi darasani hatukurudi kamili, kipande kimoja cha masomo kikabaki mtandaoni na ndo tunakiita mseto. Ila ndani ya hiki kipande cha mtandaoni kuna vitu viwili tofauti kabisa na hapa ndo pa kuangalia sana. Kuna laivu, yaani wote mko hewani muda mmoja, Zoom au Google Meet. Na kuna ile ya kila mtu kwa muda wake, mwalimu anaweka kazi kwenye Moodle, ile tovuti ya masomo ya chuo, au grupu la WhatsApp, wewe unasikiliza saa nne usiku ukishamaliza kuosha vyombo. Kuna na aina nyingine, aliyeipa jina la HyFlex ni Mmarekani Brian Beatty wa San Francisco State University, kwamba kila kipindi mwanafunzi anachagua mwenyewe aje darasani au asome kwa mtandao, iwe laivu au kwa muda wake. Kwetu hiyo imejaribiwa kwa kuegesha simu ya mwalimu juu ya meza, walioko nyumbani wanasikia mwangwi wa ukuta na viti vinavyoburutwa, na sijaona aliyefaidika.

Sasa mwanafunzi akikwambia mtandaoni sielewi, muulize ni laivu au ni ile ya muda wako, kwa sababu majibu yanakuwa tofauti kabisa na ukiyachanganya unapata wastani usio na maana yoyote.

Twende kwenye laivu. Kuna watafiti walipima mazungumzo ya watu wa lugha 10, Kijapani, Kidenishi, Kiingereza na nyingine, matokeo yakatoka mwaka 2009, wakaona kwamba mtu mmoja akimaliza kuongea mwingine anadakia baada ya muda mfupi sana, kwa wastani kama milisekunde 200, hiyo ni sehemu moja ya tano ya sekunde. Na inajulikana pia kwamba mtu akionyeshwa picha akaambiwa taja hiki ni nini, hata kwa lugha yake mwenyewe, anatumia kama milisekunde 600 mpaka neno moja litoke. Yaani ili uwahi zamu yako inabidi uanze kuandaa jibu mwenzako bado anaongea. Kwa lugha uliyozaliwa nayo unafanya hivyo bila kujua. Kwa Kiingereza, mtoto wa Mbozi au Kilolo kichwa chake bado kiko kwenye kuelewa alichoulizwa, akimaliza kuelewa ndo aanze kutafuta neno, aangalie ni do au does, na hapo mwenzake wa mjini ameshajibu. Hii inatokea hata darasani. Ila darasani mwalimu anakuona, anaona umevuta pumzi, umeinua kichwa, anasema wengine subirini kidogo. Zoom haimwonyeshi hivyo vitu. Alafu na yenyewe inaongeza ucheleweshaji wake, wataalamu wa simu wa kimataifa wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yabaki ya kawaida, mtandao wa kule bondeni Tukuyu siku ya mvua unapita hapo mbali. Basi watu wawili wanaanza kwa pamoja, wote wananyamaza, wote wanasema samahani endelea, wote wananyamaza tena. Mwenye Kiingereza cha kujiamini anarudi. Huyu mwingine harudi tena siku hiyo.

Hilo la kwanza. La pili ni sauti yenyewe na hili watu wengi hawalijui. Simu ya kawaida tangu zamani inabeba mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3400 tu, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, inatosha kuelewana kwa lugha unayoijua, lakini herufi kama s, f na ile th ya Kiingereza nguvu yake kubwa iko juu ya hapo. Ndo maana ukitaja jina lako kwa simu unasema S ya Songea, F ya Fatuma. Zoom na WhatsApp mtandao ukiwa mzuri zinabeba zaidi ya hapo, sauti inakuwa pana na safi, ila mtandao ukishuka programu inajibana yenyewe, inapunguza upana wa sauti ili angalau maneno yapite. Kinachokatwa kwanza ni ule ukali wa juu. Sasa three na free zinafanana, think na sink zinafanana, na mwishoni mwa neno ile s ya wingi inapotea yote, book na books ni kitu kimoja. Mzungumzaji mzoefu anajazia kichwani bila shida. Anayejifunza hana cha kujazia.

Na sisi wa huku tayari tuna kazi na hizo sauti. Wengi wetu thamani tunaitamka samani na dhambi tunaitamka zambi, Kinyakyusa hakina r wala z, irabu zetu za Kiswahili ni tano wakati Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa irabu kama 20 ukiweka na zile mbilimbili. Kwa hiyo mtoto wa Rungwe Kiingereza kwake hata sio lugha ya pili, ni ya tatu, alianza na Kinyakyusa kwa bibi, Kiswahili shule ya msingi, alafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Anachohitaji ni kusikia sauti safi na kuona mdomo unavyokaa. Kuona mdomo sio pambo, tangu mwaka 1976 McGurk na MacDonald walionyesha kwamba macho yanabadilisha kile masikio yanasikia, ukionyeshwa mdomo unaotamka kitu kingine unasikia kitu kingine. Meno juu ya mdomo wa chini, hiyo ni f. Ulimi unachungulia katikati ya meno, hiyo ni th. Darasani nasimama mbele yao wanauangalia ulimi wangu, wanacheka, wanaiga, inakaa.

Mtandaoni kamera zimezimwa, na zimezimwa kwa hesabu. Zoom wenyewe wanasema mkutano wa watu wengi wenye video nzuri unataka kama megabiti 1 kwa sekunde. Piga hesabu, sekunde 3,600 gawanya kwa nane maana megabiti nane ndo MB moja, saa moja inakula kama MB 450. Sauti peke yake ni kama kilobiti 80 kwa sekunde, saa nzima ni MB 36. Mara kumi na mbili! Mwanafunzi anayesubiri bumu ambaye bando la wiki ndo hilohilo la kumpigia mama na kushushia PDF, atawasha kamera ili iweje. Anazima, na mwalimu anabaki anaongea na viboksi vyeusi vyenye herufi, hajui nani ameelewa na nani ameenda Kabwe kununua viazi. Alafu mwalimu anakasirika anasema wasiowasha kamera hawapati alama za ushiriki. Niliwahi kulisema hilo mimi mwenyewe mwaka wa kwanza, na najuta, maana kuna kijana aliwasha, bando likaisha dakika ya 20, akakosa na kipindi na alama.

Na sio bando tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Afrika Mashariki yote intaneti ikayumba, siku kadhaa mambo yalikuwa ya kubahatisha. Wiki ile niliona kwa macho yangu mseto ulivyo, wanafunzi waliozoea kupokea kila kitu laivu hawakuwa na chochote mkononi, na wale niliokuwa nimewapa rekodi na karatasi mapema waliendelea kama kawaida.

Turudi kwa binti wa chai, kwa nini vois noti ilimfungua. Nilimuuliza, akaniambia, Madam mi naogopa kuchekwa. Basi. Kila aliyesoma shule zetu anaijua hii, umesema he go badala ya he goes, darasa zima linaguna, na kuanzia siku hiyo unaamua kunyamaza mpaka umalize kidato cha nne. Mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, anaizungumzia kama chujio la hisia, kwamba mwanafunzi akiwa na hofu au aibu lugha inafika masikioni ila haiingii ndani. Wapo wanaombishia Krashen kwenye mengi, lakini kwenye hili nimeona mwenyewe. Kwenye vois noti hakuna wa kukucheka. Unarekodi, unasikiliza, hujaipenda, unafuta, unarudia. Yule binti aliniambia ile ya chai alirudia mara tisa, chumbani, shuka kichwani ili mwenzake wa Uyole asisikie, na mara ya nne ndo aligundua anasema she pick, akarekebisha mwenyewe. Hapo ndo utamu wa jambo. Hakuna mwalimu aliyemsahihisha. Merrill Swain wa Kanada aliliandika hili mwaka 1985 na baadaye, kwamba kusikia peke yake hakutoshi, mtu anapolazimika kutoa lugha mwenyewe ndo anaona pengo kati ya anachotaka kusema na anachoweza kusema. Mara tisa ni mapengo tisa. Na vois noti ya dakika moja haifiki hata MB 1.

Lakini msinielewe vibaya, vois noti haimalizi kazi. Mara tisa za kurudia hazikufundishi kuongea mara moja. Kwenye intavyuu ya kazi hakuna kitufe cha kufuta. Ule uwezo wa kujibu sasa hivi, kuuliza samahani sijasikia rudia, kugeuza sentensi katikati ukiona mwenzako hajaelewa, huo unapatikana kwa kuongea na mtu aliye mbele yako, mara nyingi, na makosa mengi. Na sisi huku hatuna mtaa wa kutusaidia. Mwanafunzi wa Kiingereza aliyeko London akikosa kipindi, dereva wa basi atamfundisha, duka litamfundisha, jirani atamfundisha. Wa kwetu akitoka getini ni bajaji Kiswahili, Mwanjelwa sokoni Kiswahili, hosteli Kiswahili na Kinyakyusa. Nina mwanafunzi mmoja tu ambaye Kiingereza chake kina kasi tangu siku ya kwanza na nilipomchimba kumbe amekulia Tunduma, mjomba wake anashughulika na malori ya mpakani, tangu darasa la sita anaongea na madereva wa Zambia. Hakuwa na sarufi nzuri, alikuwa na masaa. Kwa hiyo yale masaa manne ya darasani kwa wiki kwa wengi wao ndo masaa pekee ya kuongea Kiingereza na binadamu ana kwa ana. Hayo ni masaa ya dhahabu.

Na sisi tulikuwa tunayafanyia nini? Jumatatu na Jumatano nasimama ubaoni naeleza present perfect saa mbili nzima, wao wanaandika. Alhamisi kwenye Zoom nawaambia haya sasa tuongee. Yaani kuongea, ambako kunataka sura, midomo, zamu na sauti safi, tumekupeleka pale ambapo hivyo vyote vinakufa, na kusikiliza maelezo, ambako mtu angeweza kukufanya peke yake kwa rekodi na kurudia hata mara tano, tumekupa yale masaa ya dhahabu. Tuliupanga mseto kinyume. Na nikiangalia vyuo vingine vya huku, nikisikiliza wanafunzi wao wanavyolalamika, naona wengi tumefanya vilevile, wala sio kwa ubaya, ni kwa sababu ratiba ya zamani ilikatwa tu katikati kama mkate, siku hizi huku, siku hizi kule, hakuna aliyeuliza kila upande unaweza nini.

Mwaka huu nimegeuza. Maelezo ya sarufi narekodi mwenyewe, dakika nane au kumi, sauti tu na picha moja ya ubao, naweka kwenye grupu Jumapili jioni. Jumanne na Alhamisi hakuna Zoom, kuna vois noti mbili kwa wiki, naanzisha mada rahisi za kwao, parachichi inavyopangwa madaraja, jinsi ya kuwasha jiko la mkaa asubuhi ya Julai na baridi yetu hii. Nasikiliza na kujibu kwa vois, na hapa niseme ukweli inachukua muda, wanafunzi 60 kwa dakika mbili ni masaa mawili kabla hujamjibu hata mmoja, kwa hiyo nawagawa, wiki hii nusu, wiki ijayo nusu. Darasani ubao karibu siugusi. Wanakaa wawili wawili wanaongea, mmoja ni mgonjwa mwingine nesi, mmoja ana tiketi ya basi la Iringa la jana anataka ikubaliwe leo, mwingine ni wa dirishani na hataki. Kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kuna nini. Sheria ni moja, anayecheka kosa la mwenzake anakuja mbele kueleza sentensi hiyo kwa Kiingereza, na kicheko kimepungua chenyewe.

Kazi za kuandika za nyumbani nimeziacha kwa kiasi kikubwa, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 naletewa insha ambazo mwenye nayo hawezi kuisoma kwa sauti. Sigombani nao tena, naomba aniambie kwa mdomo kile alichoandika.

Binti wa Rungwe wiki ya saba alikuwa wa dirishani, akamkatalia mwenzake tiketi kwa dakika tatu nzima na mkono haukuwa mdomoni. Alipotoka akaniambia ndaga Madam, yaani asante kwa Kinyakyusa, akakimbilia bajaji.

Lililobaki ni kijana mmoja wa Chunya mwenye kitochi. Hana WhatsApp, kila wiki anaazima simu ya rumeti wake saa tano usiku na vois noti zake zinakuja na sauti ya rumeti anamharakisha. Ila kile kitochi chake kina sehemu ya memori kadi na kinapiga mp3, tumekijaribu Ijumaa pale stesheneri, rekodi yangu ya dakika nane imelia vizuri kabisa na kitufe cha kurekodi kipo. Nimenunua kadi mbili, Jumatatu anakuja na iliyojaa sauti yake, anaondoka na iliyojaa yangu.